Urithi si Laana
Kwa nini mzee husahau njia ya nyumbani, na damu ya ukoo yahusikaje?

Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa Kambove. Hatumtaji jina, kwa maana mzee kama yeye yupo katika nyumba nyingi, na kila msomaji aweza kumpa jina analolijua.

Mzee huyu aliajiriwa na Gécamines akiwa kijana, akatumika mgodini hata akapumzishwa. Alikuwa mtu wa hesabu. Alijua siku ya mshahara, bei ya gunia la unga, na majina ya wajukuu wote. Sasa asubuhi huvaa kofia yake ya kazi na kusema amechelewa zamu. Humwulizia mkewe, ambaye alizikwa miaka minne iliyopita. Huficha fedha chini ya godoro, husahau, kisha humshtaki mjukuu kuwa mwizi. Jumapili moja alitoka kanisani akapotea, ingawa amekaa katika mtaa ule ule miaka arobaini. Alionekana jioni kando ya barabara ya Likasi, ameketi chini, viatu mkononi.

Usiku ule jamaa walikusanyika. Dada yake mzee alisema, “Hapa pana mkono wa mtu.” Mwingine akaongeza neno baya zaidi, “Labda mwenyewe ndiye mlozi. Usiku hutembea, ndiyo sababu mchana hajui alipo.” Hapo kijana mmoja anayesomea uuguzi akasimama. “Yaya, msiseme hivyo,” alisema. “Huu ni ugonjwa, nao umo katika damu ya ukoo. Babu naye alikuwa hivi hivi.”

Kijana alidhani ameleta nuru. Lakini pembeni aliketi binti wa mzee, mchumba wa watu, ambaye mahari yake ilikuwa imeanza kutolewa. Baada ya siku chache wajomba wa mchumba walituma neno: wataka kujua ni ugonjwa gani huo uliomo katika damu ya ukoo ule.

Hivyo neno la kwanza lilimwonea mzee, na neno la pili likamwonea binti. La kwanza ni uongo mtupu. La pili ni kweli nusu, na kweli nusu yaweza kuvunja nyumba kama uongo. Basi, ndugu msomaji, tuitafute kweli nzima: ugonjwa huu hurithiwa kwa kadiri gani?

Kusahau kwa namna tatu

Si kila kusahau ni ugonjwa. Mtu wa miaka sabini akisahau alipoweka miwani, kisha akakumbuka, huo ni uzee tu.

Namna ya pili ni upungufu mdogo wa akili. Hapa mtu husahau kupita wenzake wa rika lake, na jamaa huona mabadiliko; lakini bado hupika, huuza sokoni, huvaa na kuoga mwenyewe. Hali hii ni kama mtu asimamaye mlangoni. Katika watu 100 wa hali hii wanaotibiwa katika hospitali kubwa za ugonjwa huu, 10 hadi 15 hivi huingia katika ugonjwa wenyewe kila mwaka. Wengine hubaki walivyo miaka mingi, na wengine hurudi katika uzima, hasa ikiwa chanzo kilikuwa kitu kinachotibika.

Namna ya tatu ndiyo demensia, ambapo akili hupungua hata mtu hawezi tena kujitunza. Yenye kuonekana zaidi ni ile iitwayo Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer. Mwaka 1906 alieleza habari za mama mmoja aliyemtibu mjini Frankfurt, na jinsi alivyochunguza ubongo wake baada ya kufa. Aliona uchafu wa ajabu umejazana kati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Demensia nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka kidogo kidogo, na mara nyingi mambo hayo mawili huandamana.

Wala tusidhani kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu peke yao. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, wataalamu waliwachunguza wazee wapatao 1,200 wenye miaka 70 na zaidi. Habari zao zilitolewa mwaka 2013: wazee 6 hivi katika kila 100 walikuwa na demensia. Uchunguzi uliofanyika mjini Bangui na Brazzaville, uliotangazwa mwaka 2010, ulionyesha 8 katika 100 kwa mji wa kwanza na karibu 7 kwa mji wa pili, kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Basi atakayesema kuwa mzee wa Kambove amelogwa na jirani yake, atuambie pia ni jirani gani aliyewaloga wazee wa Hai, wa Bangui na wa Brazzaville.

Kinachorithiwa

Kila mtoto hupokea maagizo ya kujenga mwili wake, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Maagizo hayo huitwa jeni, nazo zimepangwa juu ya nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu. Kila jeni huja mbili, moja ya baba na moja ya mama.

Hapa Kongo watu wengi wajua anemia ya SS. Baba AS na mama AS, wote wawili wazima, waweza kuzaa mtoto SS. Katika kila mimba nafasi ni moja kwa nne. Hapo jeni ndiyo yenye amri: mtoto akipokea S mbili, anao ugonjwa. Kwa sababu twaujua urithi wa namna hii, twadhani kila urithi ni hivyo. Hapo ndipo kijana wetu wa uuguzi alipowakosesha watu njia, bila kukusudia.

Ni kweli kwamba ziko jamaa chache ambazo Alzheimer huwaamuru hivyo. Wataalamu wamegundua jeni tatu za namna hii, ya kwanza mwaka 1991 na mbili nyingine mwaka 1995. Mzazi aliye na mojawapo yenye kasoro humpa mtoto kwa nafasi moja kati ya mbili, naye aliyeipokea karibu hakika ataugua. Mfano ulio mashuhuri ni wa jamaa za mkoa wa Antioquia, nchini Kolombia, ambazo Dr Francisco Lopera alizichunguza tangu miaka ya 1980 hata alipofariki mwaka 2024. Kwao kusahau huanza kwenye miaka 44 hivi, na demensia kamili kwenye miaka 49, wakati wengine wangali wanalea watoto wadogo.

Lakini jamaa za namna hii ni chache sana: hazifiki mgonjwa mmoja katika wagonjwa 100 wa Alzheimer duniani. Alama yao ni hii: watu wa vizazi vingi huugua mapema, kabla ya miaka 65. Mzee wetu wa Kambove aliugua akiwa amepita sabini, na baba yake vilevile alikuwa mkongwe. Hiyo siyo alama ya jamaa za Kolombia. Ni alama ya watu walioishi siku nyingi.

Hata kule Kolombia alipatikana mama mmoja aliyewashangaza wataalamu. Alikuwa na jeni ile yenye amri, lakini akili yake ilikaa salama mpaka miaka ya sabini. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba alikuwa amerithi pia jeni nyingine, yenye badiliko adimu, ambayo yadhaniwa ilimkinga. Kumbe hata penye amri, urithi waweza kubishana na urithi.

Barabara yenye utelezi

Kwa wagonjwa wengine wote, yaani karibu wote, jeni haiamuru; huongeza hatari tu. Iliyo kubwa kati ya hizo huitwa APOE, nayo iko juu ya kromosomu ya 19. Kazi yake ni kusaidia kuchukua mafuta katika damu na katika ubongo. Iko ya namna tatu: ya 2, ya 3 na ya 4. Ya 3 ndiyo ya watu wengi, na ya 2 yaonekana kukinga. Mwaka 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, walitangaza kuwa ile ya 4 huonekana zaidi kwa wagonjwa wa Alzheimer.

Katika watu wenye asili ya Ulaya, aliyerithi ya 4 moja ana hatari mara 3 hivi kuliko asiye nayo; aliyerithi mbili, mara 8 hadi 12. Hesabu hiyo yatisha, lakini tuielewe vizuri. Wakati wa masika barabara zetu nyekundu huteleza. Apitaye barabara ya utelezi ana hatari ya kuanguka kuliko apitaye penye lami, lakini wengi hupita wakafika salama. Na wengine huanguka penye lami. Ndivyo ilivyo. Wako wenye APOE ya 4 waliofika miaka tisini na akili timamu, na wako wagonjwa wengi wasiokuwa nayo hata kidogo.

Afrika yajibu

Sasa tufike penye jambo lituhusulo zaidi. Tangu mwaka 1992 wataalamu wa Nigeria na wa Marekani walilinganisha wazee Wayoruba wa mji wa Ibadan na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis, ambao wengi wa wahenga wao walitoka Afrika Magharibi. Matokeo ya mwaka 2001 yalikuwa haya: katika Wayoruba 1,000, walioingia katika demensia kila mwaka walikuwa 13 hadi 14, katika Wamarekani weusi 1,000, walikuwa 32. Damu yakaribiana, lakini hesabu zatofautiana zaidi ya mara mbili. Bila shaka chakula, kazi, mwendo wa miguu na magonjwa ya mishipa vilikuwa na sehemu yao.

Tena, huko Ibadan APOE ya 4 ilikuwepo kwa wingi, lakini haikuonekana kuleta ugonjwa kama ilivyoleta kwa wengine. Walipoendelea kuwafuata wazee wale, wakatangaza mwaka 2014 kuwa mwenye ya 4 mbili ana hatari kweli. Mwenye moja hakuonekana kuwa na hatari iliyo wazi. Mwaka 2018 wataalamu wengine, waliowachunguza Wamarekani weusi na watu wa Puerto Rico, walipata sehemu ya sababu. Jeni hii ikikaa katika kipande cha kromosomu chenye asili ya Afrika, hudhuru kidogo kuliko ikikaa katika kipande chenye asili ya Ulaya. Jeni nayo, kama mtu, hutegemea majirani zake.

Lakini tusijisifu kwa hayo. Iko jeni nyingine, iitwayo ABCA7, ambayo uchunguzi wa mwaka 2013 uliona kuwa ina uzito mkubwa kwa Wamarekani weusi. Kinachofaa ni kujifunza kwetu wenyewe. Dr Jean Ikanga, Mkongo anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, pamoja na wenzake wa Kinshasa, wamewapima wazee wa mji ule akili na kumbukumbu na kuchunguza damu yao. Kazi hiyo yafaa sana, kwa maana vipimo vilivyotungwa kwa wazee wa Ulaya haviwezi kuchukuliwa vivi hivi na kuwekwa juu ya kichwa cha mama aliyekuzwa shambani, ambaye hakupelekwa shule.

Somo la Masista

Iko habari moja ambayo wasomaji wetu wataifurahia. Mwaka 1986 mtaalamu David Snowdon alianza huko Marekani kuwachunguza Masista wa shirika la Notre Dame. Masista 678, wote wa miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa akili kila mara na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Chakula chao kilikuwa kimoja, nyumba zao zafanana, hawavuti tumbako. Basi tofauti zao zilionekana wazi.

Sista Mary alifariki akiwa na miaka 101. Mpaka mwisho alijibu maswali vema. Lakini ubongo wake ulipofunguliwa, ulikuwa umejaa uchafu na nyuzi zile za Alzheimer. Ugonjwa ulikuwemo ndani, lakini haukuishinda akili yake.

Wataalamu waliona mambo mawili. Masista ambao ujanani waliandika habari za maisha yao kwa mawazo mengi na lugha nzito waliugua kwa uchache uzeeni. Yaonekana akili iliyozoezwa huwa na akiba. Na wale wenye alama za Alzheimer waliopata pia vidonda vidogo vya mishipa ya ubongo walipoteza akili kwa urahisi zaidi kuliko wale ambao mishipa yao ilikuwa mizima. Basi afya ya mishipa ya damu yaweza kuamua kama ugonjwa utabaki umefichika au utatokea hadharani.

Yale tuwezayo kuyafanya

Jeni hatuwezi kuzichagua. Lakini kamati ya wataalamu wa gazeti la udaktari The Lancet iliandika mwaka 2024 kuwa visa 45 hivi katika 100 vya demensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangerekebishwa. Tuyatazame kwa macho ya Kambove.

La kwanza ni shida ya damu kupanda. Haina maumivu, lakini huharibu ubongo. Ipimwe, na dawa zinywewe hata siku mtu ajisikiapo mzima. Hali kadhalika sukari na mafuta mabaya ya damu. Tumbako na lutuku, unene wa kupita kiasi na kukaa bila kazi ya mwili, hivi navyo humo. Waliofanya kazi mbele ya mashine za kelele wachunguzwe masikio, maana asiyesikia hujitenga, na ajitengaye akili hudhoofika, macho vilevile. Apandaye pikipiki na avae kofia ya kukinga kichwa. Hewa chafu na huzuni ya muda mrefu zimo katika hesabu. Na watoto wasome, wavulana kwa wasichana. Anayemtoa binti shuleni mapema ampunguzia akiba ya uzeeni.

Kabla ya kutamka neno Alzheimer, mzee apelekwe hospitali, kwa sababu yako magonjwa yanayofanana nalo na yanayotibika. Anayekula bukari ya mahindi kila siku bila samaki, nyama, maharage wala karanga aweza kupata pelagra: ngozi ya mikono na shingo hubabuka, tumbo huharisha, akili huchanganyika. Chakula bora na vitamini humponya. Vilevile malale, kaswende, Sida, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, damu iliyoganda kichwani baada ya kuanguka. Akili ikipotea ghafula kwa siku moja au mbili, huenda ni malaria au homa nyingine. Asicheleweshwe hata usiku mmoja. Kwa mambo ya akili yaliyo magumu, kiko Lubumbashi kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Mapendo.

Dawa ya kuiponya Alzheimer haijapatikana. Dawa mpya iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023 huchelewesha ugonjwa kidogo tu, ni ghali mno, nayo huwahatarisha zaidi kwa kuvuja damu ubongoni wale wenye APOE ya 4 mbili. Kwa hiyo dawa kubwa ya nyumbani ingali utunzaji.

Usishindane na mzee juu ya mambo aliyosahau. Akisema amechelewa zamu, usimcheke wala usimkemee. Mwambie, “Leo ni mapumziko, baba,” umpe chai. Mtilie mfukoni karatasi yenye jina lake na la mtaa. Vitu vikae mahali pamoja, na taa iwake usiku. Mpe kazi anayoiweza, kama kupukuchua mahindi au kuchambua maharage. Usimfunge kamba. Na mzigo usimwangukie binti mmoja peke yake kwa sababu hajaolewa. Ndugu wapeane zamu, kwa maana mtunzaji naye huchoka na kuugua.

Jibu kwa wajomba

Sasa tuwajibu wajomba wa mchumba. Je, kijana wao amwoe binti huyu? Kwa upande wa ugonjwa huu, hakuna la kuwazuia. Demensia ya uzeeni si mali ya ukoo mmoja. Mtoto wa mgonjwa ana hatari iliyozidi kidogo, ni kweli. Lakini ukoo wa kijana nao, wazee wao wakifika miaka themanini, utaona mambo hayo hayo. Wala wasidai binti apimwe damu kwa ajili ya APOE. Karatasi ya kipimo haitasema “ataugua” wala “hataugua”. Itawapa watu jambo la kunong'ona tu. Watu husema maji hufuata mkondo. Ni kweli, lakini mkulima ajua kuchimba mfereji.

Nao waliotaja ulozi wafikiri maneno yao yaweza kufika wapi. Mwaka 2021, huko Kivu ya Kusini, wanawake waliosingiziwa uchawi waliuawa na watu wenye hasira. Bibi anayesema peke yake usiku na kuzungukazunguka uani hawezi kujitetea mbele ya baraza, maana hata jina la mtoto wake limempotea. Amri ya nne haikuandikwa kwa ajili ya wazazi wenye akili timamu peke yao. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, amwagiza mwana kumvumilia baba hata akili zikimpungukia. Maneno hayo ni ya kale kuliko daktari Alzheimer kwa miaka elfu mbili.

Kesho asubuhi mzee wetu atavaa tena kofia yake na kushika njia ya mgodini. Mjukuu mmoja na atembee naye mpaka kona, amsikilize habari za zamu za zamani, kisha amrudishe nyumbani. Akiulizwa na majirani babu ana nini, ajibu bila haya, “Babu ni mgonjwa, nasi twamtunza.”